Tumpe Laki Tatu Atuandikie Andiko?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Micheweni, Pemba. Tunalima mwani na tunapanda mikoko. Mwaka jana walikuja vijana wa Kijerumani skulini kwetu, tukakaa nao wiki nzima, tukapatana sana. Sasa tunataka mradi wa pamoja: wao waje, sisi twende, na tujenge ukumbi wa vijana. Tumeandikia balozi kadhaa Dar es Salaam, kimya. Kuna mtu Unguja anasema tukimpa laki tatu atatuandikia andiko la kuombea ufadhili na pesa zitatoka. Andiko letu na bajeti nimekuambatanishia. Tumpe?
*Katibu, Micheweni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Laki tatu zenu zibaki mfukoni. Kumlipa mtu akuandikie si haramu, lakini anayeahidi kwamba pesa "zitatoka" anauza asichokuwa nacho. Uamuzi uko Bonn au Tokyo, yeye yuko Darajani.

Andiko lenu nimelisoma. Ukumbi na safari mumevipika chungu kimoja, na sishangai kwamba balozi zimenyamaza. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, una misaada midogo ya jamii: madarasa, vituo vya afya, visima. Tiketi ya kijana kwenda Ujerumani haimo. Na anayelipa tiketi hajengi ukuta. Kwa rai yangu ukumbi ungoje. Kila kikundi cha vijana Pemba kinataka ukumbi, na baadhi ya hizo kumbi nimeziona zimekuwa stoo za saruji.

Tuje kwenye safari. Wajerumani wana mpango unaoitwa weltwärts, unaolipiwa na wizara yao ya maendeleo na kusimamiwa na shirika la Engagement Global la Bonn. Ndani yake mna fungu la vikundi vya vijana kutembeleana, wa miaka 16 hadi 30. Lakini anayeomba ni shirika la Kijerumani, si nyinyi. Hata Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa elimu na vijana, haimpi pesa ya kutembeleana aliyesimama peke yake bila mshirika. Kwa hiyo mlango wenu hauko ubalozini, uko kwa wale wale waliokula pweza kwenu. Walitoka skuli gani, klabu gani, kanisa gani? Nani aliwaongoza? Katika kurasa zote ulizoniletea jina la shirika lao halimo!

Halafu wazo lenyewe. "Kubadilishana utamaduni" kila mtu anaandika. Weltwärts inataka mradi ushike mojawapo ya malengo 17 ya maendeleo endelevu, na nyinyi mnalo la bahari mkononi, mmeliweka ukurasa wa mwisho. Mwani unalimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, na wakulima wengi ni mama zenu. Aina ya mwani iitwayo cottonii, yenye bei nzuri kuliko ile ya spinosum, inakufa maji yakizidi joto. Na karajinani, ule ute wa kuzitisha vitu unaotolewa kwenye mwani, huishia katika dawa ya meno na aiskrimu za wenzenu huko. Basi wao waje wafunge mbegu kwenye kamba, washuke nanyi pwani maji ya bamvua yakikupwa, na nyinyi mkaone mwani wenu unakofikia. Hapo hakuna atakayeuliza kwa nini mradi huu unahitaji nchi mbili.

Makaratasi nayapitia haraka: cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za vikao, barua ya sheha, akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Akaunti ya mwenyekiti hawataki hata kuisikia. Mkikwama nendeni PACSO, Chake Chake, ndio mwamvuli wa asasi za Pemba.

Bajeti yako ina tiketi tu. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa kila mtu. Viza ya Schengen, ya kuingia Ujerumani na nchi jirani zake, ni yuro 90, ila kijana asiyezidi miaka 25 anayewakilisha asasi isiyo ya faida, akialikwa na asasi kama hiyo kwenye semina, michezo au shughuli ya elimu, husamehewa ada. Barua ya mwaliko iseme hivyo waziwazi. Viza haitolewi Wete, kwa hiyo weka boti, nauli na malazi ya Dar es Salaam. Tena kuna wasichana kikundini, na wazazi watauliza wanafuatana na nani. Muwekeni mama mmoja kwenye bajeti tangu mwanzo, msingoje baba mtu akatae wiki ya safari. Mzazi akikataa, namuunga mkono.

Mikoko itoeni humo kabisa. Ina mfuko wake, misaada midogo ya GEF, mfuko wa dunia wa mazingira, kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, unaopokea maombi ya asasi za vijijini moja kwa moja, na kwa muda mrefu kikomo chake kilikuwa dola 50,000. Hilo andiko mnaweza kulianza wiki hii, bila kumngojea Mjerumani.