Simba ashinde wapi?

SWALI: Shangazi, nimepata kazi Westlands, natoka Rongai saa kumi na moja alfajiri. Mbwa wangu Simba hulia kutwa, majirani wameninunia. Kuna mahali Karen wanalea mbwa mchana. Nitajuaje kama ni pazuri?

JIBU: Mwanangu, miaka sita nimelea mbwa wa watu. Wakimpokea Simba bila kuuliza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa na ya parvo, kirusi cha kuharisha kinachoua mbwa, geuka naye mrudi nyumbani. Tazama lango: yawe mawili, la kwanza lifungwe kabla la pili halijafunguliwa. Mimi nilishakimbiza kijibwa cha mteja barabarani, ndala moja ikabaki matopeni.

Mgeni atambulishwe kwa mbwa mmoja mmoja, asitupwe kundini. Wakubwa wasichanganywe na wadogo. Mchana kila mmoja alale kizimbani kwake. Mbwa aliyecheza kutwa bila kupumzika huwa mkorofi jioni, kama mtoto tu. Chakula vilevile, kila mtu na bakuli lake.

Uliza wanasafishia nini sakafu. Sabuni tupu haiui parvo. Jiki iliyochanganywa na maji huiua. Halafu siku moja pita saa nane bila kupiga simu, uombe kuchungulia.