Kabla Hujapiga Msumari: Kupanga Banda la Njiwa wa Mbio Tabora

Njiwa wa kitoweo hawana masharti mengi. Tundika boksi ukutani, wataingia na kutaga. Njiwa wa mbio ana kazi nyingine: anaachiwa Urambo, magharibi mwa Tabora, saa moja asubuhi, na anatakiwa arudi mjini Tabora, atue na kuingia ndani papo hapo. Muda wake unaandikwa anapoingia, siyo anapoonekana angani. Akikaa dakika kumi juu ya bati, mbio zote alizokimbia zimekwenda bure. Kwa sababu hiyo banda lake hupangwa kuanzia mahali pa kutua na kuingilia, halafu hewa. Mengine yanafuata.

Idadi kwanza

Mabanda mengi huharibika kwa wingi wa njiwa. Mtu hujenga kwa njiwa alionao leo, anasahau kwamba jozi moja hutaga mayai mawili, huyaatamia kama siku 18, na jike anaweza kutaga tena kabla makinda wa kwanza hawajatoka kiotani.

Piga hesabu hivi. Jozi tano za wazazi ni njiwa 10. Kila jozi ikizaa mara mbili kwa msimu, makinda hawazidi 20. Ongeza warukaji waliokomaa 16, yaani njiwa wa kushindana. Jumla ni 46. Kila mita moja ya ujazo ibebe njiwa wawili, kwa hiyo unahitaji angalau mita za ujazo 23. Banda la urefu wa mita 6, upana wa mita 2 na kimo cha wastani cha mita 2 linakupa 24, na hapo umetosheka. Ukiwafikisha 60 ndani ya banda hilo hilo, vumbi la manyoya na harufu kali ya kinyesi vitawachoma njia ya hewa, utaanza kusikia wanakoroma usiku, na dawa yoyote utakayonunua itakuwa ya kupoza tu. Punguza njiwa.

Hesabu ya chakula nayo ifanywe sasa hivi. Njiwa mmoja hula gramu 30 hivi kwa siku, na wazazi wenye makinda hula zaidi. Njiwa 46 ni kama kilo 1.4 kwa siku, yaani zaidi ya magunia matano ya kilo 100 kwa mwaka. Kama hilo ni zito kwa mfuko wako, jenga vyumba viwili badala ya vitatu (cha wazazi, cha warukaji na cha makinda).

Mahali na mwelekeo

Tabora ni mji wa miembe, na mwembe ndio mahali pabaya kuliko pote pa kuweka banda. Kozi, ndege mwindaji, hujificha ndani ya majani akisubiri njiwa waliochoka, popo wanachafua bati, na njiwa anayerudi atapenda tawi kuliko ubao wako. Acha mita 10 za uwazi mbele ya banda, pasiwe na mti, waya wa umeme wala paa la jirani lililo juu kuliko lako. Kwa viwanja vya Isevya au Ng'ambo si rahisi kupata uwazi huo pande zote. Upate mbele tu, inatosha.

Uso wa banda uangalie kaskazini, au kaskazini-mashariki. Mji uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo Juni na Julai, usiku ukiwa wa baridi, jua hupita upande wa kaskazini na kuingia mpaka ndani. Desemba linahamia kusini na ukuta wa nyuma unalikinga. Upepo wa kiangazi nao hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo ukuta wa mashariki na wa kusini ziwe za mbao zilizobana, zisiwe na nafasi hata ya kupitisha kidole.

Nguzo na sakafu

Usisimamishe banda juu ya miti iliyochimbiwa ardhini. Hata ukiipaka oili chafu, mchwa wa Tabora hawachoki. Jenga nguzo fupi za tofali za saruji, kimo cha sentimita 60 hadi 80, nane kwa banda la mita 6: nne mbele, nne nyuma. Juu ya kila nguzo, kabla ya kulaza mbao, weka kipande cha bati kinachotokeza sentimita 5 kila upande, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini. Bati hilo haliui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo nje, mahali unapoiona na kuikwangua. Pita chini ya banda kila wiki. Siafu ni habari nyingine: msimu wa mvua, wakianza kupita uwanjani, zungushia kila nguzo kitambaa kilicholoa oili chafu, na ukilowanishe tena kinapokauka. Siafu wakiingia usiku, makinda wa viotani hawana pa kukimbilia.

Sakafu iwe ya mbao zilizopigwa randa na kubanwa pamoja, uikwangue kila siku kwa kikwangulio cha chuma. Wapo wanaopendelea sakafu ya wavu ili kinyesi kidondoke chini. Inapunguza kazi, lakini inapitisha upepo moja kwa moja kwenye matumbo ya njiwa, na chini panakuwa mazalia ya nzi. Kwa kiangazi chenye upepo kama chetu, ya mbao ni bora.

Paa na njia ya hewa

Sehemu hii usimwachie fundi aamue. Atakujengea banda la kuku.

Paa liwe la mteremko mmoja: mbele mita 2.2, nyuma mita 1.9. Bati la mita 3 litafunika upana wa mita 2, litokeze sentimita 60 mbele na kama 30 nyuma. Kama kila bati, baada ya kupishana, linafunika sentimita 75, unahitaji tisa ili zitokeze kidogo na kwenye ncha zote mbili. Usipunguze zile sentimita 60 za mbele. Mvua za Novemba huja na upepo, na kiota kikilowa mara moja mayai yamekwisha.

Chini ya bati weka dari la matete au mabanzi membamba. Dari lianzie ukuta wa mbele, liishie sentimita 40 kabla ya kufika ukuta wa nyuma. Kwenye ukuta wa mbele, karibu na sakafu, acha mwanya wa sentimita 15 kwa urefu wote wa banda, uzibwe kwa wavu. Juu kabisa mbele, kati ya dari na bati, acha mwanya mwingine wenye wavu. Hewa baridi inaingia chini mbele, inapata joto la miili ya njiwa, inapanda kwa ule uwazi wa nyuma, kisha inafuata mteremko wa bati kwenda juu na kutoka mbele. Njiwa waliolala hawapigwi na upepo, na joto la bati la mwezi Oktoba linabaki juu ya dari.

Pima kwa kijiti cha udi. Kiwashe jioni, kishike usawa wa vitulio, yaani visanduku wanavyolalia njiwa. Moshi ukipanda taratibu na kuelekea nyuma, umepatia. Ukikimbilia upande mmoja, kuna ufa ukutani. Ukining'inia palepale, mwanya wa chini hautoshi. Kipimo cha pili ni pua yako: ingia alfajiri kabla ya kufungua. Harufu ikikuwasha macho, hewa haitoki.

Wavu wote uwe wa chuma wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi. Ule wa kuku wa waya laini, kanu, mnyama mdogo mla ndege, anaupasua usiku mmoja, na nyoka mwembamba anapita bila shida.

Vyumba vitatu

Gawa zile mita 6 kwa tatu, kila chumba na mlango wake wenye komeo.

Chumba cha wazazi kinahitaji viota sita kwa jozi tano, kwa sababu kiota kimoja cha ziada hupunguza ugomvi wa madume. Kila kiota upana wa sentimita 60, kimo 40, kina 40. Vitatu kwa safu, safu mbili, vinaenea kwenye ukuta wa mita 2. Ndani ya kila kiota weka bakuli mbili za udongo zenye upana wa sentimita 22 hivi, maana jike atataga kwenye bakuli la pili wakati makinda wako kwenye la kwanza. Njiwa mkubwa uliyemnunua kwa mtu usimfungulie kamwe. Atarudi alikozaliwa, hata baada ya miaka. Huyo ni wa kuzalisha tu, kwa hiyo chumba hiki kiongezewe uzio wa wavu wa mita 1.5 upande wa mbele ili wazazi waote jua na kuoga.

Vyumba vya warukaji na vya makinda havina viota. Vina vitulio, kimoja kwa kila njiwa na viwili vya ziada. Tengeneza fremu ya visanduku vya sentimita 25 kwa 25, kina sentimita 10 tu, ili njiwa asiweze kukaa nyuma na kumnyea wa chini.

Neno moja kwa waliokaa jirani na wakulima wa tumbaku, na mkoani humu wako wengi, Urambo, Kaliua, Sikonge. Omba vikonyo vikavu vya majani yaliyokwisha kukaushwa. Wape njiwa wajengee viota. Nikotini iliyomo huwafukuza utitiri na chawa, wadudu wanaonyonya makinda mpaka wanadumaa. Viwe vikavu kabisa, visikaribie chombo cha maji, na unawe mikono baada ya kuvishika.

Pa kutua na pa kuingilia

Ubao wa kutua uwe na upana wa sentimita 60, uning'inizwe mbele ya chumba cha warukaji usawa wa kifua chako, ili uweze kumshika njiwa bila kunyanyua mikono na kumtisha. Juu yake kata matundu mawili au matatu ya upana wa sentimita 15 na kimo cha 25. Kwenye kila tundu ning'iniza spoki za baiskeli, zikiachana sentimita 4, ncha za chini zikunjwe zisichome. Spoki zibembee kuelekea ndani tu. Kizingiti cha chini kwa nje kizizuie kurudi. Njiwa anasukuma kwa kifua, anaingia, hawezi kutoka. Spoki nzito au yenye kutu humfanya asite, naye akisita mara moja atasita kila siku. Zipakwe mafuta.

Kwa ndani, mbele ya tundu, weka kizimba kidogo cha kuelekeza njiwa mahali utakapomkamatia na kusoma pete. Pete isiyo na kiungo, ya milimita 8, huvishwa kinda akiwa na umri wa siku 7 hivi. Ikichelewa, mguu hauingii. Kwa kuwa mabanda hayako umbali sawa na mahali pa kuachia, mshindi hupatikana kwa mita kwa dakika. Urambo ni karibu kilomita 80 kwa mstari mnyoofu. Njiwa aliyetumia dakika 70 amekwenda mita 1,143 kwa dakika. Zoezi la upande huo lina ugumu wake: njiwa wanarudi kuelekea mashariki, jua la asubuhi liko usoni na upepo wa kiangazi unawapinga. Agosti na Septemba, misitu ikichomwa na moshi ukatanda, usiwaachie kabisa.

Kalenda

Jenga kati ya Juni na Agosti. Banda lipigwe na mvua za Novemba na Desemba likiwa tupu, uone linapovuja. Wazazi waingie Januari, uwachanje kwa ushauri wa afisa mifugo, kideri (mdondo) kikiwa ugonjwa wa kwanza kumuuliza. Waoanishe mwanzoni mwa Machi. Mayai huja baada ya siku 10 hivi, makinda huanguliwa mwisho wa mwezi, na wanatenganishwa wakiwa na siku 28, mwisho wa Aprili, mvua zikipungua na nafaka ikishuka bei. Wazazi wakati huo wapewe theluthi moja ya kunde, choroko au mbaazi pamoja na mahindi yaliyopasuliwa na mtama. Maharage mabichi yana sumu, yaache. Nafaka yenye ukungu pia usiwape kwa sababu ya sumukuvu. Nunua iliyokauka na uitunze kwenye pipa lenye mfuniko. Kokoto laini, maganda ya mayai yaliyokaangwa na kusagwa, vipande vya mkaa na chumvi kidogo ya Uvinza viwepo wakati wote katika chombo chao.

Makinda wakishahamia chumba chao, waweke jioni juu ya ubao wa kutua ndani ya kizimba cha wavu kwa wiki nzima, waitazame mitaa. Siku ya kuwafungua wasile tangu asubuhi. Toa kizimba saa kumi na moja jioni, usimfukuze yeyote, kisha tikisa kopo la mtama kwa mlio ule ule unaowaita nao kila siku. Atakayeruka juu ya bati umwache ashuke mwenyewe. Aliyeingia kupitia spoki ndiye anayekula kwanza.