Gesi imeisha: jibu kwa mkuu anayeambiwa hasikilizi

Mkuu, nimesoma uzi wako wote. Unasema mkeo analalamika humsikilizi, na wewe unaapa unaweza kumrudishia kila neno alilosema tangu Jumatatu. Nakuamini. Nilikuwa hivyohivyo, tena najisifia kumbukumbu. Wachangiaji wa juu wamekushauri umtoe, umnunulie zawadi. Si mbaya, ila mimi nilishamtoa wangu mpaka Kigamboni tukala samaki, na tukarudi kwenye pantoni kila mtu anaangalia maji ya upande wake.

Nina duka la spea za magari mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Mteja akija akasema "gari inagonga mbele", simshushii shokapu palepale. Namuuliza: inagonga kwenye tuta au ukikata kona? Kulia au kushoto? Maana tak-tak ya kwenye kona mara nyingi ni sivii jointi, na kugonga kwenye mashimo kunaweza kuwa bushi tu, kitu cha bei ndogo. Nikimpa spea kwa kukisia, kesho ananirudia na maneno. Basi mtu huyohuyo mwenye subira yote hiyo, nikishashuka mwendokasi Kimara Mwisho na kupanda boda hadi Temboni, nafika nyumbani subira imeshabaki njiani.

Siku moja mama watoto aliniambia nikiwa navua viatu: "Gesi imeisha." Nikatoa simu, nikamtumia hela ya mtungi, nikasema, "Tayari hiyo." Nikawa nasubiri asante. Akaangalia meseji, akaiweka simu kifudifudi juu ya friji, akasema, "Sawa."

Ile sawa mnaijua. Kwetu hapa sawa zipo mbili, ya kukubali na ya kuyamaliza maneno, na kwa sauti zinafanana kama pacha. Siku nne nyumba ikawa kimya. Chakula kinaletwa, "karibu" inasemwa, basi.

Jumapili dada yangu akaja kutoka Mbagala. Hajakaa, akamtazama wifi yake, akaangua kicheko, akaniuliza kama nimeisoma kanga ya mke wangu. Nikaisoma: SIKIO LA KUFA HALISIKII DAWA. Mkuu, ile kanga ilikuwa imepita mbele yangu siku zote nne! Kumbe doti yenyewe aliifuata Mtaa wa Uhuru na akaichagua kwa jina. Wanawake wa pwani wanasemea kwenye kanga tangu enzi maneno yale yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mimi mtoto wa Tandika nikaona nguo tu.

Kilichonifungua macho kilitoka kwingine. Mdogo wangu ndoa ilimchacha, wakafika Baraza la Usuluhishi. Wengi hawajui kwamba kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, kabla mahakama haijasikiliza ombi la talaka, kwa kawaida shauri linapita kwanza kwenye baraza hilo. Nikamsindikiza. Mzee mmoja pale alimzuia mdogo wangu asijitetee. Akamwambia, "Kwanza nieleze mwenzio analalamikia nini, mpaka yeye mwenyewe aseme ndicho." Dogo akarudia maneno ya mkewe moja baada ya jingine, kama kasuku. Mke akatikisa kichwa. Akajaribu tena, mke akatikisa kichwa. Mara ya tatu akasema kwa sauti ya chini, "Anaona namdharau mbele ya ndugu zangu." Mkewe akaanza kulia. Hakuna aliyemjibu kitu kwa dakika nzima.

(Baadaye nikaja kusoma kwamba mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipendekeza kanuni kama hiyo miaka ya 1950: husemi lako mpaka ulieleze la mwenzako naye aridhike. Sidhani kama mzee wetu alimsoma.)

Nikarudi nyumbani nikaomba ile gesi ianze upya. Nikasema, "Siku ile uliniambia gesi imeisha, nikakutumia hela. Nadhani hukuwa unataka hela." Akanitazama muda. Akasema hela alikuwa nayo. Gesi ilikatika saa sita mchana maharage yakiwa jikoni, akabeba sufuria la moto hadi kwa jirani, mtoto mgongoni. Akasema gesi, ada, bili ya maji, chanjo ya mtoto, vyote anavikumbuka yeye, mimi kazi yangu kulipa na kusema tayari. Nilitaka kujibu kwamba kulipa nako si kitu kidogo, nikaumeza ulimi. Nikasema, "Kwa hiyo umechoka kukumbuka peke yako." Akasema, "Ehee." Ehee ile ndiyo ninayoitafuta siku hizi.

Mengine ni madogo. Usianze na "kila siku wewe" wala "hata siku moja", maana mwenzako ataacha hoja aanze kutafuta siku moja ya kukuumbua. Usiongelee jambo zito mtu akiwa ndio anaingia kutoka kwenye foleni, wala Simba na Yanga wakiwa uwanjani, hapo mimi sina msaada. Na ukiomba radhi, toa lile "kama". "Nisamehe kama nimekukosea" maana yake bado unabisha.

Kama kwenu kuna kipigo au vitisho, haya yote yaweke pembeni. Hilo si la kusikilizana, ni la dawati la jinsia polisi.

Usitegemee atabadilika wiki ya kwanza. Wangu alidhani nimetoka kwenye semina ya kanisani, akawa ananijibu kwa mashaka. Na utapitiliza. Juzi nimeingia tu, akaniambia, "Baba, LUKU imebaki yuniti nne." Nikaweka begi chini, nikakaa, nikamuuliza kwa upole kama kuna jambo linamwelemea. Akanitazama kama mgonjwa, akasema, "Linalonielemea ni giza. Nunua umeme, baba."