Kaka yako kashikwa na Kawunyemu, ile oparesheni ya polisi ya kupima pombe barabarani? Soma hii kwanza kabla hamjatoa pesa

Dada pole sana. Umesema kaka yako alishikwa Ijumaa usiku pale Jinja Road, akapulizishwa mashine, kipimo kikazidi, sasa yuko sero na kuna mtu anawapigia simu mlete pesa yaishe leo leo. Mimi niko ofisi ya malori hapa Malaba, dereva wetu akishikwa ni mimi hutumwa kumfuata, kwa hiyo nakujibu kwa vile nimeyaona na macho yangu.

Hiyo pesa msitoe. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutoka sero kusubiri kesi, ni bure hapa Uganda, haina hata shilingi mia, anayekuomba anakula wewe, na kumbuka sheria ya kupambana na rushwa ya 2009 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, halafu faili linabaki pale pale na kesho anaitwa tena. Kinachotakiwa ni wadhamini, watu wazima wenye kitambulisho cha taifa na barua ya LC1 wa kwao, yaani mwenyekiti wa mtaa, hiyo barua mtafute mapema maana wikendi mwenyekiti anaweza kuwa ameenda kijijini. Katiba kifungu cha 23 inasema mtu asipite masaa 48 bila kufikishwa kortini, kwa hiyo nendeni mkaongee na afande mwenye faili kwa heshima, mwambieni mnaomba bondi, msianze kugombana kaunta.

Sasa kosa lenyewe. Kiwango ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, ndiyo ile wanaita 0.08. Mashine haihesabu chupa, kila dereva namkuta anasema alikunywa mbili tu, na wengine walishakunywa chai ya rangi na kuoga maji baridi wakidhani inashusha, haishushi, ini linafanya kazi kwa mwendo wake na dawa ni masaa tu. Kukataa kupuliza nako ni kosa. Na usifikiri ni lazima gari liwe linatembea, ukiwa umelewa na gari liko mikononi mwako bado unashtakiwa. Boda ni vilevile, pikipiki ni chombo cha moto.

Hii si kama tiketi ya EPS, ile faini ya papo kwa papo ya trafiki ya kulipa benki na kwenda zako, hii ni korti. Na hapo kortini ndipo watu wanaumia kwa kutojua. Karani anasoma shtaka kwa Kiingereza haraka haraka, dereva wetu mmoja kutoka Arua alikuwa anatikisa kichwa tu kwa adabu, hakimu anauliza unakubali, yeye anasema yes sir kwa sababu alizoea kumjibu bosi hivyo, nikaona mwenyewe kalamu inaandika. Kaka yako ana haki ya mkalimani bure, kifungu cha 28, aseme mapema kabisa "naomba nisomewe kwa Kiswahili" au Luganda au lugha yake, na asikubali kitu hajakielewa. Kama kweli alikunywa na anaelewa, kukubali kunaweza kumaliza kesi siku hiyo hiyo na hakimu huwa anamwangalia kwa huruma kidogo, ila huo uamuzi ni wake na wakili wake, asisukumwe na mtu wa nje.

Faini utaisikia inatajwa kwa "currency points", pointi moja ni shilingi 20,000, zidisha hapo hapo. Na sikiliza hii vizuri: hulipi mkononi kwa karani, unapewa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya kodi, unaenda nayo benki, sasa hukumu ikitoka jioni na benki imefunga, mtu wako analala gereza huku pesa mnayo mfukoni. Nendeni na pesa tayari na mtu wa kukimbia. Ikiwa ameachiliwa kwa beli, yaani dhamana ya korti, ya pesa taslimu, tunzeni risiti, kesi ikiisha inarudishwa.

Faini wala siyo inayoniumiza roho. Korti ina uwezo wa kumzuia kuendesha, na dereva bila pamiti watoto wanalala njaa. Bima kubwa nyingi zinakataa kulipa dereva akiwa amelewa, gari la bosi linakuwa deni lake. Na angegonga mtu akafa, hapo tusingeongea faini, tungeongea miaka ya jela. Nimeona boda imelala chini ya trela huku Busia Road, mwenye trela ananuka waragi, mama wa yule kijana amekaa chini kwenye lami hasemi kitu. Kwa hiyo kaka yako kushikwa salama mzima, mimi nashukuru Mungu kwa niaba yenu, hata kama inauma.

Leo tafuteni ile barua ya LC1 na wadhamini wawili wenye kazi inayojulikana. Chukueni namba ya faili na jina la korti atakapopelekwa, na kwa kuwa wikendi korti huwa imefungwa, Jumatatu muwe pale asubuhi kabla haijafunguliwa. Na yule anayewapigia simu, msimjibu tena.