Usikinunue hicho kinanda, dada

Usikinunue. Nimesoma uzi wako mara mbili. Binti miaka 8, onyesho la wanafunzi mwezi wa tatu, anataka kupiga vile vipande viwili vya watoto vya Toru Takemitsu, mtunzi wa Kijapani, cha upepo mwanana na cha mawingu, aongeze na wimbo wa kubembeleza mtoto wa Edo, yaani Tokyo ya zamani. Umeuliza toleo gani la noti, aanze na kipi, pedali aguse lini. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema umeshaona kinanda chepesi cha umeme cha vibonyezo 61 kwa yeni 9,800 kwenye duka la mitumba na kesho unakifuata.

Mimi nilinunua ndugu yake kwa yeni 12,000, hapa hapa Saitama, jirani na Tokyo. Kilinipotezea mwaka mzima wa mtoto wangu.

Takemitsu aliviandika vipande hivyo 1978 kwa ajili ya kipindi cha kufundisha watoto piano cha NHK, shirika la utangazaji la Japani. Ni vifupi, havina mbio. Ukizitazama noti unasema wiki mbili atakuwa amemaliza, na hapo ndipo nilipoingia mkenge. Ugumu wake uko kwenye ulaini. Noti hii itoke laini, ile laini zaidi, nyingine ififie kabla ijayo haijafika. Wimbo wa kubembeleza nao ni hivyo hivyo, maana hakuna mama anayemlaza mtoto kwa sauti ya mnadani.

Sasa elewa piano inavyofanya kazi. Kibonyezo kinairusha nyundo ya mbao iliyovikwa sufu, na nyundo ndiyo inayogonga waya. Ukibonyeza polepole mno, nyundo inaishia njiani na husikii kitu. Ukiongeza nguvu kidogo tu, inanong'ona. Kati ya kimya na mnong'ono pana nafasi nyembamba sana, na vipande vya binti yako vinaishi humo. Kinanda changu hakikuwa na nafasi hiyo. Ugonge kwa unyoya, ugonge kwa ngumi, sauti ni ile ile. Binti yangu alifanya mazoezi juu ya kitu hicho miezi 14, kila jioni, na mimi nikimsifu.

Siku ya onyesho akapanda jukwaani, akainama kusalimu, akaketi mbele ya piano halisi. Noti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu, nilikiona kidole chake cha pete kikishuka mpaka chini, na ukumbi ukabaki kimya. Akauinua mkono akautazama. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, ikalia kama mlango uliobamizwa na upepo. Kuanzia pale akawa anazipiga zote kwa nguvu ili zisimpotee tena. Mtoto aliyelala angeamka, na wa jirani pia. Watu walimpigia makofi. Ndani ya treni hakusema neno mpaka kituo cha Omiya, ndipo akaniuliza, "Baba, ile piano ilikuwa mbovu?"

Haikuwa mbovu. Hasira yangu yote iko kwa yule jamaa wa video, Mswahili mwenzetu, aliyenishawishi kwa maneno haya: Takemitsu mwenyewe alijifunzia piano ya karatasi, mtoto wako atashindwaje na kinanda? Chini ya video, kiungo cha kununulia! Habari ya karatasi ni ya kweli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kijana yule hakuwa na piano, akajitengenezea vibonyezo vya karatasi. Lakini jamaa alikata nusu ya pili. Takemitsu alikuwa akipita mtaani akisikia piano inalia ndani ya nyumba ya watu, anabisha hodi na kuomba aiguse kidogo. Baadaye mtunzi mwenzake, Toshiro Mayuzumi, akampelekea piano. Karatasi haimdanganyi mtu. Haitoi sauti yoyote, kwa hiyo sauti unaitafuta kichwani mwako. Kinanda chepesi kinampa mtoto sauti ya bure, naye anaamini ameipiga yeye.

Kuvirekebisha vidole kulichukua miezi 11. Wiki za mwanzo mwalimu hakumruhusu wimbo wowote. Kazi ilikuwa kubonyeza noti moja bila kuitoa sauti, kisha kutafuta mahali sauti inapoanzia. Alilia mara nyingi.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine yote yatasubiri: vibonyezo vizito vyenye nyundo, au usinunue kabisa. Kama nyumba yenu hairuhusu piano, zipo za umeme zenye vibonyezo vizito, anavaa spika za masikioni na jirani hasikii. Kama hela haitoshi, kodi chumba cha mazoezi chenye piano halisi nusu saa, mara mbili kwa wiki, na siku zilizobaki auimbe wimbo kwa mdomo. Mimi nilikuwa nalipa yeni 800 kwa nusu saa, na nusu saa ile ilimfaa kuliko miezi 14 ya pale sebuleni.

Kesho nenda dukani na mtoto. Mwambie abonyeze polepole kabisa, kisha kwa nguvu. Sauti ikiwa ile ile, tokeni. Na kama umeshalipa, niambie usiku huu huu, uliza kama wanakubali kurudishiwa, na ulitunze boksi lake.