Bibi, mikono!

Mama yangu yuko Ujiji, miaka 70 ameshaivuka. Magoti yalipoanza kumsumbua akaacha kwenda sokoni, akawa wa kushinda barazani. Nikataka afanye mazoezi hapo nyumbani, nikakimbilia kununua. Nikapata Wii ya mtumba, ule mchezo wa runinga wa Nintendo uliotoka mwaka 2006, na ubao wake wa kusimamia unaopima umeegemea upande gani. Siku ya kwanza picha ikamtaka aegemee kushoto, naye akaegemea kwelikweli. Nisingemdaka angekwenda chini. Ubao uko uvunguni hadi leo.

Anza na kiti. Cha plastiki huteleza kwenye saruji, kwa hiyo tulichukua cha mninga, kizito, tukakiegemeza ukutani. Mama anakaa, anakunja mikono kifuani, anainuka, anakaa tena polepole. Hayo ni mazoezi ya mapaja, na mapaja ndiyo yanayomwinua mtu kwenda msalani usiku.

Teknolojia iliyobaki ni simu. Saa kumi na moja jioni mjukuu wake wa Dar anapiga ya video.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, hesabu."

Akishika kiti ili ainuke, mtoto anamwona: "Bibi, mikono!"

Tulijaribu pia video za mazoezi zilizorekodiwa. Nzuri, ila hazimwoni. Siku mbili mama aliitikia salamu za yule mwalimu, ya tatu akazima. "Huyu hanisikii," akasema.

Programu ya kuhesabu hatua nayo tuliiweka. Jioni moja ikatoa hatua za mtu aliyekwenda Mwandiga, nje ya mji, na kurudi, kumbe simu ilikuwa kwenye pindo la kanga akitwanga sombe, yaani kisamvu. Kihisi cha simu husoma mtikisiko, mchi hakiujui. Sikumnyang'anya ushindi wake. Kutwanga nako ni kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke. Usimtajie mzee namba hizo. Sisi tulianza na kuinuka mara tano. Akipata kizunguzungu au kifua kikabana, aache, mpeleke hospitali.

Halafu chaji. Umeme ukikatika mchana, jioni mjukuu hapatikani. Siku hizo mama humwita jirani, naye humhesabia kwa Kiha.