Urea imewekwa, vigunzi havikuongezeka

SWALI: Nina nusu ekari ya mahindi machanga, yale ya bebikoni. Nilipandia nusu mfuko wa DAP (mbolea ya kupandia), kisha mbelewele, yaani maua ya kileleni, zilipochomoza nikaweka mfuko mzima wa urea (mbolea ya kukuzia). Shamba ni kijani kibichi ajabu, ila kila shina limetoa kigunzi kimoja tu. Tatizo ni nini? Na mabua naweza kuwapa ng'ombe?
Mkulima, Arusha

JIBU: Kipimo hakina ubaya mkubwa. Ulichokosea ni siku. Mahindi ya nafaka huendelea kufyonza naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye urea, wakati punje zinajaa, lakini bebikoni unaivuna siku moja hadi tatu baada ya nywele kutokeza. Vichipukizi vya vigunzi huanza kuumbika wiki kadhaa kabla ya mbelewele kuonekana. Shina likiwa na njaa wakati huo, cha pili na cha tatu hudumaa. Urea yako ilikuta kazi imekwisha, ikaishia kwenye majani.

Msimu ujao, kwa nusu ekari, pandia tena nusu mfuko wa DAP, halafu weka CAN, mbolea nyingine ya kukuzia yenye naitrojeni, mfuko mmoja na nusu (kilo 75) kwa awamu mbili: kilo 37 hivi wiki ya tatu, zilizobaki wiki ya tano. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 20, hiyo ni kijiko cha chai kisichojaa kwa mashina mawili. Weka kando ya shina, usiguse majani, kwani huungua. Ukipenda urea, kilo 21 kwa kila awamu zinatosha, ila ifukie kwenye udongo wenye unyevu. Ikiachwa juu wakati wa jua, sehemu hupotea hewani kama amonia, nawe umeilipia.

Ng'olea mbelewele kabla hazijamwaga chavua, na uvune kila siku au siku moja baada ya nyingine. Kigunzi kikipita sentimita 9 au 10, wanunuzi wengi hukikataa, hata kiwe kimenawiri vipi.

Mabua wape, ila kwa tahadhari. Naitrojeni nyingi ikifuatwa na ukame, naitreti (aina ya naitrojeni ambayo ikizidi ni sumu) hulundikana sehemu ya chini ya bua na inaweza kuua ng'ombe. Kata ukiacha shibiri moja kutoka ardhini, uchanganye na nyasi kavu, uanze kidogo kidogo. Ng'ombe akihema kwa kasi na ufizi ukawa wa kahawia, mwondolee malisho hayo na umwite daktari wa mifugo papo hapo.